Shangazi kapata sukari na Idi inakaribia: tuoke nini?

Simu ilitoka Tanga saa mbili usiku. Shangazi yangu, yule aliyenifundisha kupalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria nikiwa darasa la tatu, alikuwa ametoka kliniki na majibu: sukari ya asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, 11.4 (kwa mmol/L, kama namba zote za mashine humu). Siku mbili nyuma walimpima ikaja 10.9. Kipimo cha aina hiyo kikifika 7.0 au zaidi, kikarudiwa na jibu likawa lile lile, ndiyo kisukari chenyewe. Nilitegemea aniulize habari za macho au miguu. Akauliza, "Sasa mwanangu, sinia la Idi atalipika nani?"

Idi kubwa ilikuwa imebakiza wiki tano. Wiki ya kwanza haijaisha, ukoo ukawa umeshagawanyika. Baba mdogo akatoa amri kwamba kitu kitamu kisikanyage nyumba ile. Binamu yangu naye akaja na asali ya Tabora, lita nzima, akasema hiyo ni dawa, shangazi ale atakavyo. Wote wawili walikuwa wanamtakia heri, na wote wawili walikosea.

Haya hapa ni tuliyoyajaribu tangu hapo, jikoni kwake na kwangu. Hayamwondoi daktari wala mtaalamu wa lishe. Mgonjwa wako akipewa kipimo tofauti na hiki changu, fuata chake.

Soma pakiti za dawa kabla ya kusoma mapishi

Mwombe alete mfuko wa dawa, usome majina. Kama anatumia metformin peke yake, si rahisi sukari yake kushuka ghafla. Lakini kama kuna glibenclamide, gliclazide au sindano za insulini, inaweza kushuka mno, hasa akimeza dawa halafu akaruka mlo, au nyumba nzima ikiamua kwa siku moja kumnyima wanga wote. Shangazi alikuwa amepewa glibenclamide. Amri ya baba mdogo ingeweza kumwangusha kabla ya sukari yenyewe. Ukitaka kubadili mlo wake kwa kiasi kikubwa, sema kliniki kwanza, dozi iangaliwe.

Dalili za kushuka ni jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kuanza kuchanganyika. Mashine ikisoma chini ya 4, au mashine haipo na dalili unaziona, mpe sukari ya kweli: vijiko 4 vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, ale chakula. Kipande cha keki hakifai kwa kazi hii, maana mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Soda isiyo na sukari ndiyo haisaidii kabisa. Akiwa hajitambui usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Kwa hiyo kopo la sukari libaki kabatini. Nyumba ya mgonjwa wa sukari isiyo na sukari hata chembe ni nyumba ya hatari.

Piga hesabu ya unga, si ya sukari tu

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Chukua keki ya nyumbani, ile tunayoijua kwa kichwa: unga wa ngano nusu kilo, sukari robo, siagi robo, mayai manane. Katika kila gramu 100 za unga mweupe, karibu 76 ni wanga, na wanga huo ukishasagwa tumboni unageuka sukari ya damu. Nusu kilo ya unga, basi, ni gramu 380. Sukari yenyewe ni 250. Unga umebeba mzigo mkubwa kuliko kopo tunalolilaumu. Jumla ni 630. Kata vipande 12, kila kipande kina gramu 52 hivi, sawasawa na vijiko 13 vya chai vya sukari. Sasa toa sukari yote, uoke keki isiyo na ladha wala raha: kila kipande bado kina 32.

Nilipompigia shangazi hesabu hiyo nyuma ya kalenda alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe hata mkate mkavu nao ni keki." Si mbali sana na kweli.

Kliniki walimpa kipimo chepesi cha kukumbuka: gramu 15 za wanga ni fungu moja, kama slesi moja ndogo ya mkate. Kitafunwa chake kisizidi fungu hilo. Kazi yetu jikoni ikawa ni hiyo basi, kila tutakachopika kipande kimoja kisivuke 15, na kikiwezekana kisifike 10. Njia ni tatu na zinakwenda pamoja. Unapunguza sukari, unabadili sehemu ya unga, unakata kidogo. Ukitegemea moja peke yake hufiki.

Anza na kikombe cha chai

Kabla hujagusa keki hata moja, hesabu chai. Shangazi alikuwa anakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 12, gramu 48, kila siku ya Mungu, na hakuna aliyeita hicho kitamutamu. Tulishuka taratibu: wiki ya kwanza vijiko viwili, ya pili kimoja, ya tatu nusu. Iliki na tangawizi tukaongeza. Wiki ya nne alionjeshwa chai ya jirani akaitema, akasema ni shira.

Ulimi unafundishika, ila haupendi kushtukizwa. Na ukishaokoa gramu 40 kati ya zile 48 za chai, unapata nafasi ya kipande cha keki ambacho mtu anakila kwa raha, akijua anakila.

Asali, sukari guru, tende na vile vidonge

Asali kwanza, kwa sababu ya ile lita ya binamu. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina wanga gramu 17 hivi, cha sukari nyeupe kina 12 au 13, kwa kuwa asali ni nzito na kijiko kinabeba zaidi. Yaani kijiko kwa kijiko, asali inazidi. Sukari guru nayo ni sukari tu yenye rangi na harufu nzuri. Vyote viwili vinaruhusika kwa kiasi kile kile cha sukari, hakuna kinachoingia kama dawa.

Tende ina nyuzinyuzi, hilo ni kweli, lakini tende ndogo moja ina wanga gramu 5 na ile kubwa nene inaweza kufika 16 au zaidi. Mbili ndogo sawa. Kumi ni sinia.

Vitamu visivyo na sukari, kama stivia na sukralosi, vina mahali pake, ila si pale watu wanapovipeleka. Nilioka keki nzima kwa sukralosi bila sukari hata kijiko. Ilitoka imepauka, bapa, na kesho yake ikawa inavunjika kama chaki. Sukari kwenye keki haifanyi kazi ya utamu tu. Inashika maji keki isikauke, inasaidia siagi kubeba hewa unapoichapa, inaipa ganda rangi. Kitone cha kitamu hakiwezi kazi hizo. Kwa hiyo kwenye keki punguza sukari, usiifute. Vitamu hivyo viweke kwenye chai, na kwenye vitu vya maziwa vya kugandisha ambavyo havihitaji sukari ili visimame. Vya aspateme visiingie kwenye moto, vinapoteza utamu. Na soma pakiti, maana baadhi ya unga wa vitamu umejazwa maltodekstrini, ambayo nayo ni wanga.

Mtu atakwambia Shirika la Afya Duniani lilivikataza mwaka 2023. Lilichosema ni kwamba visitumike kama njia ya kupunguza uzito, na pendekezo lenyewe halikuwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Mimi navitumia kidogo, kwa sababu nyingine kabisa: vinamzuia ulimi kuzoea utamu mdogo.

Viungo ndivyo vinavyoficha upungufu wa sukari. Iliki, kungumanga, vanila, maganda ya ndimu au chungwa yaliyoparuzwa, na chumvi kidogo, ambayo huufanya utamu mchache usikike. Mdalasini pia, lakini kwa kiasi cha chakula. Wapo wanaolamba mdalasini kwa vijiko wakidhani ni tiba. Ule mzito tunaouzoea madukani una kumarini, na ukizidi kila siku unaweza kuumiza ini.

Unga upi uingie

Atta, unga wa ngano usiokobolewa, ni rahisi kupatikana na inaingia karibu kila mahali, ila wanga wake haupungui sana kuliko wa unga mweupe. Faida yake ni nyuzinyuzi, zinazoipandisha sukari polepole. Unga wa dengu, ule wa bajia, ni bora zaidi: una protini nyingi na wanga wake mwingi huenda taratibu. Karanga zilizosagwa ndizo zinazoshusha hesabu kweli, kwa sababu wanga wake ni mdogo. Unga wa mchele na wa muhogo, hata kama hauna ngano, ni wanga mtupu. Usiuchukue kwa jina la afya.

Halafu kuna machicha. Hapa nitakaa kidogo, maana tunayatupia kuku kila siku.

Ukishakuna nazi kwenye mbuzi na kukamua tui la kwanza na la pili, kinachobaki kwenye kifumbu ni nyuzinyuzi kwa wingi na mafuta kiasi. Yakamue sana. Yatandaze kwenye sinia pana juani, uyafunike kwa kitambaa chepesi, ukipita uyageuze kwa vidole mpaka yaache kushikamana. Kama jua hakuna, kaanga makavu kwenye kikaango, moto mdogo, mkono usiache mwiko, mpaka harufu ipande na yaanze kulia kama mchanga chini ya mwiko. Yasirukie rangi ya kahawia. Yakipoa saga kwenye blenda, chekecha. Huo ndio unga wa nazi ambao madukani unauzwa bei ya kukutoa machozi. Uweke kwenye friji na uumalize ndani ya wiki mbili, kwa sababu mafuta yaliyobaki huchacha.

Una tabia moja: unakunywa maji kuliko unga wowote. Usizidishe robo ya unga wako wote, na ukiutia ongeza yai moja au maziwa kidogo. Nilipuuza hilo mara moja nikatoa keki iliyokuwa inameza mate ya kila aliyeionja.

Keki ya karanga

Hii ndiyo iliyoshinda kura nyumbani.

Karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 200, atta gramu 100, sukari gramu 60, yaani vijiko 5 vya chakula vilivyosawazishwa, siagi laini gramu 80, mayai 4, mtindi usio na sukari nusu kikombe, baking poda vijiko 2 vya chai, iliki ya kusaga vijiko 2 vya chai, maganda ya ndimu moja, chumvi robo kijiko cha chai.

1. Chagua karanga moja moja. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi tupa, usionee huruma, zina sumu ya kuvu isiyoondoka kwa moto.

2. Saga karanga pamoja na atta, kwa kugusa blenda kidogo kidogo. Ukizisaga peke yake bila kupumzika utapata siagi ya karanga. Unga ukishapatikana changanya na baking poda, iliki na chumvi.

3. Chapa siagi na sukari mpaka ipauke. Sukari ni chache kwa hiyo haitafura kama ulivyozoea, usihangaike. Tia mayai moja moja, kisha mtindi na maganda ya ndimu.

4. Mimina unga, koroga kwa mwiko mpaka uchanganyike, basi. Rojo litakuwa zito kuliko la keki ya kawaida.

5. Tia kwenye chombo cha mraba cha sentimita 20 kilichopakwa siagi. Oveni nyuzi 170, dakika 35 hivi. Kwa jiko la mkaa, moto wa chini uwe kidogo na wa juu ndio mwingi, na uanze kuchungulia dakika ya 25. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu epua.

6. Iache ipoe kabisa ndipo ukate, mistari minne kwa minne, vipande 16.

Hesabu yake: karanga zinaleta wanga gramu 25 hivi ukitoa nyuzinyuzi, atta 60, sukari 60, mtindi 6. Jumla kama 150, kila kipande 9 au 10. Linganisha na ile 52. Kweli kipande ni kidogo, lakini ukipunguza ile ya kawaida kwa saizi hii hii bado ungepata zaidi ya mara mbili. Nishati yake si ndogo, karanga ni mafuta. Kimoja, au viwili siku ya sherehe.

Vileja vya dengu

Unga wa dengu gramu 200, samli gramu 100, sukari iliyosagwa laini gramu 50, kiini cha yai kimoja, iliki na kungumanga.

Siri iko kwenye hatua ya kwanza: kaanga unga wa dengu mkavu kwa moto mdogo dakika nane hadi kumi, mpaka ile harufu ya ubichi iondoke na jikoni kunuke kama njugu. Ukiruka hapo vileja vitakuwa na ladha ya bajia mbichi. Uache upoe kabisa. Chapa samli na sukari, tia kiini, viungo, kisha unga. Ukikataa kushikana, ongeza samli kijiko kimoja, usiongeze maji. Viringisha vidonge vya ukubwa wa jicho la ng'ombe mdogo, vibonyeze katikati, oka nyuzi 160 kwa dakika 15 hadi 18. Vikiwa vya moto vinavunjika, usiviguse. Vinatoka kama 28, na kila kimoja kina wanga gramu 5 hivi.

Kashata bila kuchemsha sukari

Tende ndogo 8 bila kokwa zilowekwe kwenye maji ya moto kidogo sana, ziponde. Karanga za kukaanga gramu 250 zitwange nusunusu, zisiwe unga. Changanya na nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu, konzi mbili, iliki, chumvi. Finyanga tufe 20, zipake ufuta. Kila moja gramu 4. Baba mdogo alikula saba akidhani ni za wageni wengine.

Chaina gras ya maziwa

Hapa ndipo kile kitamu kisicho na sukari kinapostahili. Loweka gramu 10 za nyuzi za chaina gras, ule mwani wa kugandisha, dakika 20, zichemshe kwenye kikombe kimoja cha maji mpaka ziyeyuke zote, chuja ndani ya lita moja ya maziwa ya moto yenye iliki na vanila. Tia stivia kidogo kidogo ukionja, ikizidi inaacha uchungu kwenye koo. Mimina kwenye sinia, igande, kata vipande 16. Wanga unaobaki ni ule wa maziwa, gramu 3 kwa kipande.

Vile ambavyo havitaki kubadilika

Nitasema ukweli: mkate wa kumimina ni mchele na sukari, huwezi kuugeuza kitu kingine ukabaki na jina lake. Vikombe viwili vya mchele na kimoja cha sukari, ukikata 12, ni gramu 43 kila kipande. Tulishusha sukari kuwa vijiko 6 vya chakula, tui tukaliacha zito, iliki juu, tukakata 20. Ikawa 19 au 20. Bado inavuka fungu, kwa hiyo kwake ni nusu kipande na wali anaupunguza mlo huo. Hamira haikulalamika; inaumua vizuri na sukari kidogo.

Mahamri ya kuoka mimi siyaiti mahamri. Yaache yakaangwe, uyafanye nusu ya ukubwa, sukari nusu, atta nusu kwa unga mweupe nusu, na yaliwe kwa mbaazi za nazi badala ya chai tamu. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, zinatuliza mwendo. Kaimati zisizamishwe kwenye shira. Zinyunyizie kidogo wakati wa kupakua. Halua ni sukari, wanga na samli. Kipande cha ukucha na kahawa chungu, basi.

Wakati wa kula

Kitamutamu kiende mwishoni mwa mlo wenye mboga, samaki au maharage, kisiliwe peke yake saa kumi jioni tumbo likiwa tupu. Na kiingie badala ya kitu, si juu yake. Akila kipande cha keki, chapati inarudi nusu. Vipande vikate kabla ya kupeleka mezani, na kisu kibaki jikoni. Vinavyobaki viingie kwenye friza vimefungwa kimoja kimoja.

Jambo la mwisho la mezani: usimtengee sahani yake yenye "keki ya mgonjwa". Wote wale hiyo hiyo. Shangazi alitengewa mara moja kwenye harusi ya watu, akaisukuma pembeni akachukua ya bibi harusi, kipande kama tofali.

Mashine iseme

Miili haifanani. Pishi jipya lijaribiwe siku tulivu: pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Wengi huambiwa walenge kati ya 4 na 7 kabla ya kula na chini ya 10 baada ya saa mbili, lakini kliniki ndiyo inayotoa lengo la mtu. Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hiyo usijaribu mapishi mawili siku moja, utapoteza vijiti na hutajua kipi kimefanya nini. Andika kwenye daftari: pishi, vipande vingapi, limeliwa pamoja na nini, namba mbili. Daftari hilo nenda nalo kliniki.

Siku moja mashine ya shangazi ilisoma 17.2. Nyumba ilitikisika, baba mdogo akaanza hotuba. Nikautazama mkono wa shangazi: alikuwa ametoka kufinyanga kashata za tende, na kidole kilikuwa kinanata. Nikamwambia anawe kwa sabuni, ajifute kukauke, tukachoma kidole kingine. 8.6. Utamu ulioganda kwenye ngozi unaingia kwenye tone la damu na mashine inausoma kama wake. Mpishi mwenye sukari anawe mikono kabla ya kupima, kila mara, hata kama haoni kitu.

Kwa Ramadhani asifunge kabla hajazungumza na daktari wake wiki kadhaa mapema, hasa akiwa kwenye glibenclamide au insulini. Hilo ni somo refu, na mapishi hayalitoshi.

Idi ilipofika tulituma sinia kwa majirani wanne kama kila mwaka: keki ya karanga, vileja, kashata, na mkate wa kumimina uliokatwa vidogo. Hakuna aliyerudisha sinia akiuliza kulikoni. Shangazi mwenyewe alionja kipande kimoja cha keki, akatafuna taratibu huku ananitazama, akasema iliki haikutosha. Vile vijiko viwili nilivyoandika hapo juu ni kipimo chake. Mimi nilikuwa nimetia kimoja.